Admirali Gani Apewe Meli Zako? Mwongozo wa Hearts of Iron IV kwa Msee wa Eldy Anayeishi Mbali na Bahari

Eldy iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ukitaka kugusa maji ya chumvi unapanda basi jioni, unasinzia Nakuru, unaamka Nairobi, na Mombasa bado iko mbele. Lakini ingia keja yoyote ya wasee wa kampasi pale Annex ama Kapsoya Ijumaa usiku. Hukosi msee ameinamia laptopu iliyo moto kama jiko la makaa, anaendesha manowari sitini Bahari ya Hindi. Gemu ni Hearts of Iron IV, ya Paradox kutoka Uswidi, iliyotoka Juni 2016. Vita vya nchi kavu wengi wetu tumeshika. Bahari ndiyo hutumaliza.

Mimi ilinimaliza vibaya. Nilikuwa nacheza Uingereza, nikajenga meli nne mpya za kubeba ndege. Ilinichukua miaka ya gemu, viwanda vyangu vyote vya meli vikihema. Siku ya kuzituma nikafungua orodha ya maadmirali, nikaangalia nani ana level ya juu, nikamchukua. Sikusoma kitu kingine. Kumbe jamaa alikuwa fundi wa nyambizi. Wajapani wakanipata nje ya Ceylon, na kabla chai yangu ipoe sikuwa na meli hata moja ya kubeba ndege. Ilikuwa saa tisa usiku. Nilifunga laptopu nikalala na viatu.

Meli zilikuwa fiti. Shida ni kuwa nilimpa mtu kazi bila kuuliza anajua kazi gani. Makala hii ni ya kukuepushia hiyo ngori. Na usidhani mifano yote iko Ulaya. Pwani yetu hii imeona makamanda wazuri na wabaya, na watu wetu walilipa bei.

Fikiria vile tunafikiria mbio

Sisi watu wa huku hatuhitaji kufunzwa jambo hili mara mbili. David Rudisha alivunja rekodi ya dunia ya mita 800 London 2012 kwa 1:40.91. Eliud Kipchoge alimaliza marathoni kwa 1:59:40 pale Vienna Oktoba 2019. Wote ni moto. Sasa badilisha, mpeleke Rudisha kwa kilomita 42 na Kipchoge kwa mita 800. Bado una watu wawili wakali, lakini umepoteza mbio zote mbili.

Admirali ni hivyo hivyo. Level inakuambia ameiva kiasi gani. Haikuambii ameivia wapi. Kwa hivyo swali la kwanza si "nani mkali?" Swali ni "hiki kikosi kinaenda kufanya kazi gani?" Ukishajibu hilo, ndipo ufungue orodha.

Namba nne za kucheki

Kila admirali ana ujuzi wa aina nne, na gemu inauandika hivi:

- Attack: makali ya kupiga.
- Defense: vile meli zake zinavumilia kichapo.
- Maneuvering: vile kikosi kinasonga na kujipanga.
- Coordination: vile meli zinashikana zifanye kazi kama kitu kimoja.

Chini ya hizo namba kuna vijipicha vidogo. Hizo ndizo tabia zake, na hapo ndipo wengi huruka. Weka kipanya juu ya kila kimoja usome. Seawolf ni mtu wa nyambizi. Ironside ni wa manowari kubwa. Air Controller ni wa meli za kubeba ndege. Fly Swatter anajua kuangusha ndege za adui. Spotter ana macho. Blockade Runner anajua kuponyoka. Superior Tactician ni mpangaji wa vita.

Tabia nyingi huja kwa kazi. Ukimweka mtu na nyambizi miaka miwili akipigana, anageuka mtu wa nyambizi. Kwa hivyo usimhamishe kila wiki kama kondakta wa matatu. Amua mapema utamkuza awe nani, halafu umwache huko.

Kazi ya kwanza: kuwa rada

Misheni ya Patrol ni ya kusaka, ya Strike Force ni ya kupiga. Kikosi cha kupiga hukaa bandarini mpaka wale wa doria waone adui, ndipo kinatoka. Hiyo inakuokolea mafuta, ambayo yameingia kwa hesabu za gemu tangu 2019. Kama umewahi kusimama kwa petrol station ukihesabu sarafu, unaelewa.

Huku kwa doria weka meli ndogo zenye mbio, krusa nyepesi na destroya, chini ya mtu kama Spotter mwenye Maneuvering nzuri. Attack ya juu hapa ni kupoteza mtu.

Ukibeza doria, kumbuka HMS Pegasus. Tarehe 20 Septemba 1914, meli hiyo ya Waingereza ilikuwa imetia nanga Zanzibar, mitambo ikirekebishwa, haiwezi kusonga. Alfajiri meli ya Wajerumani, Königsberg, chini ya Max Looff, ikatokea na mizinga inayofika mbali zaidi. Pegasus ilipigwa ikiwa imesimama tu. Kumbuka hiyo asubuhi siku utarundika kikosi bandarini bila jicho nje.

Vita vya pili Waingereza walikuwa wameshika somo. Mwaka wa 1942 shule ya Allidina pale Mombasa iligeuzwa kituo cha kusikiliza na kufumbua ujumbe wa siri wa Wajapani. Watu wamekaa darasani, Mombasa, wanafuata meli zilizo upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Kamanda mwenye habari tayari yuko hatua mbele.

Kazi ya pili: kupiga, na kujua wakati wa kutopiga

Hiki ndicho kikosi chako cha bei ghali. Manowari kubwa, meli za kubeba ndege, walinzi wao. Kama nguvu yako ni mizinga, tafuta Ironside. Kama ni ndege, tafuta Air Controller. Kama adui ndiye mwenye ndege nyingi, Fly Swatter anaweza kukuokoa.

Lakini kuna kitu hakiko kwa vijipicha, na hicho unakiseti mwenyewe: kiwango cha hatari. Unaambia kikosi kipigane tu kama nafasi ni nzuri, ama kipigane na chochote, ama kikimbie. Wengi wetu huweka kipigane na chochote kwa sababu tunaona kukimbia ni aibu.

Sasa sikia stori ya James Somerville. Machi 1942 alichukua kikosi cha Waingereza cha Mashariki. Kwa karatasi kilikaa kikubwa: manowari kubwa tano na meli tatu za kubeba ndege. Kwa ukweli, nne kati ya hizo manowari zilikuwa za kizazi cha Vita vya Kwanza, nzito na zisizo na mbio. Upande wa pili alikuwa anakuja Chuichi Nagumo na meli tano za kubeba ndege, wale wale waliopiga Pearl Harbor.

Somerville alipiga hesabu. Mchana, ndege za Nagumo zingemmaliza. Usiku, ndege zake zenye rada zingeweza kuotea. Kwa hivyo akawa anajiweka mbali mchana na kusogea usiku. Hawakukutana. Hakutoka safi: Jumapili ya Pasaka, Aprili 5, alipoteza krusa mbili, Cornwall na Dorsetshire, na Aprili 9 ikazama Hermes, meli ya kubeba ndege. Lakini kikosi kikubwa kilibaki. Zile manowari nne za zamani akazituma kwetu, Kilindini, zikalinde njia za meli za upande huu.

Fikiria angejifanya simba. Njia ya bahari kutoka Afrika Kusini kupanda Mombasa, Aden na Suez ingebaki bila mlinzi, na jeshi lililokuwa Misri lilikuwa linakula kupitia njia hiyo. Wakati mwingine kamanda bora ni yule anayekurudishia meli zako nyumbani.

Kazi ya tatu: kulinda msafara

Hii ndiyo kazi wachezaji hudharau zaidi. Meli za mizigo na za kubeba askari hazina sura nzuri. Ni namba tu pale juu kwa skrini, inapungua moja moja. Kwa hivyo tunawapa admirali aliyebaki, yule hakuna anayemtaka.

Februari 1944, meli ya abiria SS Khedive Ismail iliondoka Mombasa ikielekea Colombo. Ndani kulikuwa na wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki, wauguzi, mabaharia, zaidi ya watu 1,500. Msafara ulikuwa na meli tano za askari, na walinzi wake walikuwa krusa moja ya zamani, Hawkins, na destroya mbili, Petard na Paladin. Tarehe 12, karibu na Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 ikawafikia. Torpedo mbili. Meli ilizama kwa dakika kama mbili. Walikufa karibu watu 1,300, na wengi wao walikuwa askari wa huku kwetu.

Halafu ikaja sehemu ngumu. Nyambizi ilikuwa bado chini, na juu yake walikuwa wakielea waliookoka. Destroya ziliangusha mabomu ya kina, kwa sababu kuiacha I-27 ingekuwa kuiachia na zile meli zingine zilizojaa watu. Mwishowe Petard iliimaliza kwa torpedo. Walioopolewa wakiwa hai walikuwa mia mbili na kidogo.

Sitaki kukupigia hesabu ya nani alikosea siku hiyo. Nataka tu ukifika hapo kwa Convoy Escort, usimtupe mtu ovyo. Weka destroya za kutosha zenye vifaa vya kusaka nyambizi, na admirali mwenye Defense na macho. Askari wako wakizamia baharini, hata nchi kavu utakosa watu.

Kazi ya nne: kutua ufuoni

Uvamizi unahitaji mtu mtulivu, mwenye Coordination ya juu, kwa sababu ana kazi tatu kwa mpigo: kusafirisha askari, kupiga ufuo, na kuzuia adui asitokee nyuma.

Mfano wa karibu ni Diego Suarez, kaskazini mwa Madagaska, Mei 5, 1942. Kamanda alikuwa Edward Neville Syfret. Waingereza waliogopa Wajapani wataichukua hiyo bandari wakate njia ya Mombasa. Walitua upande wa magharibi, bandari ikajisalimisha ndani ya siku chache. Safi kabisa. Lakini mwisho wa mwezi huo nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia humo humo bandarini, zikaigonga manowari Ramillies na kuzamisha meli ya mafuta. Somo: ukishatua, usitoe walinzi wote uwapeleke kwingine kusherehekea.

Na kama unadhani haya ni ya wazungu wa zamani, Septemba 28, 2012 wanajeshi wa KDF walitua kutoka baharini karibu na Kismayo. Wakati huo huo wengine walikuwa wanasukuma kwa nchi kavu. Ufuo na nchi kavu zikishikana, adui hajui aangalie wapi. Kwa gemu fanya vivyo hivyo.

Kazi ya tano: vichochoro

Unamkumbuka Königsberg? Baada ya Zanzibar ilijificha ndani ya delta ya Rufiji, Tanzania ya leo. Manowari kubwa za Waingereza zilikaa nje miezi na miezi, haziwezi kuingia kwa sababu maji ni kina kifupi. Dawa ilikuwa meli mbili za ajabu, Severn na Mersey, zenye tumbo bapa, zilizovutwa kutoka Malta. Ndege zikawa juu zinawaambia risasi inaanguka wapi. Julai 6, 1915 walijaribu wakashindwa. Julai 11 wakarudi wakaimaliza. Ukienda Fort Jesus, mzinga wa Königsberg uko pale, na wa Pegasus pia uko pale. Maadui wawili, ua moja.

Kwa gemu, kazi za vichochoro ni nyambizi za kuvizia meli za mizigo na meli za kutega ama kusafisha mabomu. Nyambizi mpe Seawolf. Usimpe mtu wa manowari kubwa, hataziongezea kitu.

Je, level haina maana kabisa?

Iko na maana, lakini isiwe ya kwanza. Cheki Nagumo. Alipewa kikosi cha ndege cha Japani mwaka wa 1941 zaidi kwa sababu ya ukubwa wa cheo. Kwa ufundi alikuwa mtu wa torpedo. Juni 1942 pale Midway, wakati sekunde za kuamua zilifika, alipoteza meli nne za kubeba ndege kwa siku moja.

Lakini usikimbilie kusema tabia ndiyo kila kitu. Upande wa Marekani, William Halsey, mtu wa ndege, alilazwa hospitali na ugonjwa wa ngozi. Akampendekeza Raymond Spruance, mtu wa krusa. Spruance hakujifanya anajua. Alibaki na wasaidizi wa Halsey waliojua ndege, akawasikiliza, na yeye na Frank Jack Fletcher wakashinda. Kwa hivyo kama huna Air Controller, chukua mtu mwenye namba nzuri pande zote, mpe meli zilizopangwa vizuri, na usimsukume kwa vita vya kichaa.

Na wale wa ajabu?

Kuna maadmirali utaona wana tabia za kuchekesha ama za kuwashusha. Usiwafute mapema. Geoffrey Spicer-Simson alikuwa ofisa aliyewekwa mezani baada ya kuboronga mara kadhaa, na alipenda kuvaa sketi. Mwaka wa 1915 alipewa boti mbili ndogo, Mimi na Toutou, zikasafirishwa hadi Cape Town, zikapanda treni, zikaburutwa juu ya milima ya Kongo hadi Ziwa Tanganyika. Desemba 26 akateka Kingani, na Februari 1916 akazamisha Hedwig von Wissmann.

Kazi ndogo, ya ajabu, mtu wa ajabu. Ilimfaa. Lakini meli kubwa ya Wajerumani, Graf von Götzen, hakutaka kuigusa. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, baadaye ikaibuliwa, na ndiyo MV Liemba tunayoijua. Mtu anaweza kufaa kazi moja akashindwa na inayofuata. Ukiona hivyo, badilisha kamanda kabla meli hazijazama.

Kabla hujabonyeza tuma

1. Taja kazi ya kikosi kwa neno moja: saka, piga, linda, vamia, vizia. Ukishindwa, hakiko tayari.
2. Soma tabia kwanza, halafu zile namba nne, halafu level.
3. Cheki walinzi. Kila meli kubwa ipate angalau ndogo tatu, na kila ya kubeba ndege ipate angalau manowari kubwa moja kando yake. Kipchoge kule Vienna alikuwa na waongoza kasi 41 wakipokezana kumkinga upepo. Meli yako nayo isitoke peke yake.
4. Usipitishe meli nne za kubeba ndege kwa vita moja. Zinaanza kusongamana na ndege zinapungua makali.
5. Seti kiwango cha hatari kwa akili, si kwa hasira.
6. Usigawe meli chache kwa maadmirali wengi. Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Na kila mpya unayemteua anakula political power.

Wahenga wa pwani walisema usisafirie nyota ya mwenzio. Kwa hii gemu chukua hilo neno vile lilivyo. Usikopi admirali wa msee uliyemwona YouTube anacheza nchi nyingine na meli nyingine, na usidanganywe na nyota za begani.

Mimi nilianza upya wiki hiyo hiyo. Nilimrudisha yule fundi wa nyambizi kwa nyambizi zake, na huko ananipigia kazi safi. Meli za kubeba ndege nilimpa jamaa mwenye level ndogo lakini anajua ndege. Mwaka ni 1943 kwa gemu na bado zote nne ziko juu ya maji. Doria imetoka, misafara inafika Mombasa. Na siku hizi nalala bila viatu.